Kiti cha Miguu Minne

Kuna mtu huleta farasi ufukweni Mbezi Beach siku za Jumapili, familia zinapokuwa zimejaa. Ni farasi wa kahawia, mbavu zake zinaonekana, na singa za shingoni zimefungwa riboni nyekundu ili apendeze kwenye picha. Jumapili iliyopita binti yangu alimwona kwa mbali, akaangusha hindi lake mchangani na kuja kunivuta kanga.

"Mama, nipandishe."

Nililisikia neno kabla sijaelewa ombi. Kisha upepo ukaleta harufu: jasho, nyasi kavu, na ngozi iliyolowa ikakaukia juani. Wenzangu wa rika langu waliokulia uswahilini watanielewa nikisema kwamba yapo maneno ambayo hatukufundishwa shuleni. Tuliyapata nyumbani, kila moja likiwa na sauti yake na harufu yake, na hayaoshiki.

Tulikaa Keko, nyuma ya karakana ya baba. Mbele, kando ya barabara, vilipangwa vitanda, makabati na seti za viti. Nyuma kulikuwa na vyumba vyetu, na cha mwisho kilikuwa cha Bibi, mama yake mama. Vumbi la mbao liliingia kila mahali, mpaka kwenye chumvi. Ila chumba cha Bibi hakikunuka mninga wala vanishi. Kilinuka ubani.

Bibi alikuwa kiti. Ndivyo watu walivyosema, bila kunong'ona, kama ambavyo wangesema fulani ni mkunga. Pepo ana kiti chake, yaani mtu anayemkalia akitaka kuzungumza na watu. Baba alitengeneza viti, Bibi alikuwa kiti. Nilidhani familia yetu yote imo katika kazi moja.

Mambo hayo yalikuja mchana, baada ya chakula, na yalikuja kwa mpangilio. Kwanza ngozi ya bega la Bibi ilitetemeka, mahali pamoja tu, na hapakuwa na nzi. Halafu alipuliza midomo, brrr, kama mtu aliyetoka kwenye maji ya baridi. Halafu mguu wa kulia ulianza kuparapara sakafu. Mwisho shingo ilinyooka, macho yakabaki wazi, na mama akasema kwa utulivu, "Kapandisha. Leteni chetezo."

Aliyezungumza baada ya hapo alikuwa mwanamume, wa makamo kwa sauti yake, mpole, mwenye haraka kidogo. Jina lake hatukulijua. Tulimwita Mgeni. Watu wazima walimwamkia, "Shikamoo, mgeni," naye akajibu marahaba, akaomba maji yenye marashi ya waridi, akanywa glasi nzima, akasema lililomleta, akaondoka. Bibi alibaki kwenye mkeka kama nguo iliyokamuliwa, akiuliza, "Kaja? Kasema nini?"

Siku moja nilimuuliza mama Bibi huwa wapi Mgeni anapokuwapo. Mama alikuwa anapepeta mchele.

"Yupo chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya mgeni. Hebu toka hapa, utanimwagia mchele."

Mwaka ninaousimulia, ilipokaribia likizo ya mwezi wa sita, Mgeni alianza kuja kila siku. Bibi alikonda. Uji ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Goti lake moja, lililokuwa likimuuma siku zote, lilikataa kabisa kumbeba. Mama Mkubwa alikuja kutoka Mbagala kusaidia kumuuguza, na mchana mmoja nikiwa nimekaa chini ya dirisha, nachezea maranda yanayojikunja kama nywele za mwanasesere, nilimsikia akizungumza na mama.

"Kiti kimechoka," alisema. "Kikichoka, mwenyewe hutafuta kingine. Na hatoki nje ya damu."

"Basi akukalie wewe, si ndiye mkubwa?"

"Mie alishanikataa tangu ujana wangu. Na wewe hakutaki, domo lako refu. Kabaki nani?"

Kule mbele, randa ya baba ilinyamaza. Alikuja mpaka mlangoni na penseli yake sikioni, akasema, "Mtoto halali hapa wiki hii."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kambi. Baba alikuwa ametengeneza vitanda vya dabo deka vya kambi moja ya watoto kule Kunduchi, na mwenye kambi alikuwa amemwambia akitaka amlete mwanawe likizo. Watoto wengine walikwenda kuogelea, kuimba na kujifunza kupika maandazi. Mie nilikwenda kufichwa. Hakuna aliyenitamkia hivyo, lakini nilijua, na nilijua ninafichwa asinipate nani. Mama alinifungia begi, akanishika kidevu.

"Jua likiwa la utosi, ukisikia unaitwa, usiitike mpaka umwone kwa macho yako anayekuita. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hata iwe sauti yangu."

Kambi ilikuwa nzuri, niseme ukweli. Ilikuwa na uwanja wa nyasi, minazi iliyopakwa chokaa shinani na bweni linalonuka vanishi ya baba, kiasi kwamba nilipolala kitanda cha juu nilijiona niko karakana. Nilipata rafiki siku hiyo hiyo, Neema wa Mbezi Beach, msichana mwenye mwanya na majibu ya haraka. Yeye ndiye aliyenivuta mkono asubuhi ya pili. "Twende, tunakwenda kuwaona farasi."

Sikuwahi kuona farasi. Niliwajua kwenye vitabu tu, wakiwa wametulia. Tulipangwa kwenye uzio wa mbao nyuma ya bweni, na mwalimu wao akatoka bandani. Aliitwa Mwalimu Benadeta, mama mnene wa kutoka kaskazini, aliyevaa buti za mvua na kuzungumza kila neno kwa uzito.

"Hawa, msiende nyuma yao!"

Niliruka. Wenzangu wakacheka. Jina langu lina taabu hiyo: mimi ni Hawa, na nusu ya mazungumzo ya watu yananiita bila kuniita.

Farasi walikuwa watatu. Wawili walikuwa wekundu, na nyuma yao alikuwapo mmoja mweupe aliyezeeka, mwenye madoa ya kijivu makalioni. Mweupe alisogea mpaka usawa wangu, akasimama. Ngozi ya bega lake ikatetemeka, mahali pamoja tu, na sehemu nyingine zote zimetulia. Kisha akapuliza midomo, brrr, mate yakanifikia. Kisha akaanza kuparapara vumbi kwa mguu wa mbele wa kulia. Kisha shingo ikanyooka, jicho likabaki wazi, nami nikajiona ndani yake, nimesimama chini, mdogo.

"Huyu anaitwa nani?" Neema aliuliza.

"Jina bado," Mwalimu Benadeta alisema. "Ameletwa juzi tu. Tunamwita mgeni."

Nilifanya nilichofunzwa. Nilishika gauni langu kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. "Shikamoo, mgeni."

Uzio mzima ulilipuka kwa kicheko.

"Kampa farasi shikamoo!"

"Mjibu basi, babu! Marahaba mjukuu!"

"Hawa, muulize bibi hajambo?"

Neema alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa natazama masikio ya yule farasi. Yalikuwa yamenigeukia yote mawili.

Nilielewa kwamba baba na mama walikuwa wamechelewa. Nilikuwa nimetolewa Keko ili Mgeni asinipate, naye alikuwa ametangulia kufika. Na Mwalimu Benadeta, akiwa anafuta mikono kwenye sketi, akatangaza lililonimaliza.

"Sasa mmewaona. Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, tutawapandisha."

"Wote?" niliuliza.

"Wote. Mmoja mmoja."

"Mama zetu wanajua?"

"Wanajua. Wamekubali."

Sijui kama kuna upweke kama wa mtoto anayeambiwa kwamba mama yake amekubali. Nilimvuta Neema pembeni, chini ya kamba za nguo.

"Na wewe utapandishwa?"

"Mie si mara ya kwanza. Mwaka jana nilipandishwa. Raha! Tumbo linakucheka."

"Ukasema nini?"

"Niseme nini? Nilipiga kelele tu."

"Kwa sauti gani?"

Neema alinitazama. "Kwa sauti yangu. Kwani ya nani? We Hawa, una ishu wewe."

Sikumwamini. Bibi naye alikuwa hakumbuki kitu.

Siku zilizofuata nilikaa mbali na uzio. Niliimba, nilikanda unga, nilicheza rede. Lakini nilikuwa mtoto wa kuchunguza, na macho yalikwenda yenyewe. Wale farasi wekundu walikuwa wanakula, wanalala, wanasukumana. Mweupe alikula pia, lakini kila nilipopita aliacha, nyasi zikining'inia mdomoni.

Alhamisi tulikula wali na maharage, tukaambiwa tupumzike kwanza, jua lipungue. Bweni lilikuwa na joto. Feni iligeuka polepole, na wenzangu walikuwa wamelala mikono ikining'inia nje ya vitanda. Nilikuwa macho. Kivuli cha mnazi ulio dirishani kilikuwa kimejikunja chote shinani.

"Hawa."

Sauti ilitoka upande wa banda. Ilikuwa ya Bibi, si ile ya Mgeni. Ilikuwa sauti yake mwenyewe ya asubuhi, anapotaka nimpitishie uzi kwenye tundu la sindano.

Sikuitika. Nililishika vizuri agizo la mama: usiitike mpaka umwone kwa macho. Lakini agizo lile lilikuwa na mlango, na mtoto huingia popote penye mlango. Hakusema nisiende kumwona.

Nilishuka ngazi ya kitanda, nikatoka bila viatu. Mchanga ulichoma. Upepo wa kusi ulikuwa mkali siku hiyo, unapiga mabati, na bado nilisikia kama masikio yamezibwa kwa pamba. Nilifika uzioni.

Farasi wote watatu walikuwa wamesimama sambamba, kama viti vilivyopangwa barabarani kwetu, nyuso zao zimeelekea kusini. Nimewauliza watu wanaowajua farasi tangu hapo, kwa sababu kuuliza ndiyo tabia yangu, na wameniambia kwamba upepo ukiwa mkali farasi huupa mgongo. Wale walikuwa wameukabili. Kusini kuna mji, na ng'ambo ya mji kuna Keko.

Hapakuwa na mtu. Niliangalia bandani, nyuma ya pipa la maji, kila mahali. Kisha nikamtazama yule mweupe, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nzi walikuwa wamemjaa. Walitembea begani, shingoni, pembeni mwa jicho, na ngozi yake haikutikisika. Midomo haikupuliza. Mguu haukuparapara. Jicho lilikuwa wazi, lakini sikujiona ndani yake.

Nilikuwa nimeona kitu hicho mara nyingi, kwenye mkeka wa Bibi, katika ile dakika Mgeni anapokuwa ameondoka na Bibi hajarudi. Kiti kilikuwa kitupu.

Na kama kiti ni kitupu, aliyekuwa amekikalia ameshuka. Na kama ameshuka, yuko mahali. Nilisikia mchanga ukifanya sauti ndogo nyuma yangu, kama mtu anayehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Ngozi ya bega langu la kulia ikatetemeka, mahali pamoja tu.

Sikugeuka. Nilirudi bweni nikitembea kinyumenyume kando ya uzio, macho yakiwa kwa farasi, ili chochote kilichokuwa nyuma yangu kinipishe. Leo najua jinsi jambo hilo lilivyokuwa la kijinga. Lakini sikuguswa.

Alasiri walitupanga mstari. Farasi mweupe alikuwa amewekwa tandiko la ngozi, na Mwalimu Benadeta akaligonga kwa kiganja. "Hiki ndicho kiti chake. Anayekaa hapa ndiye anayesema twende au tusimame."

Neema alipanda wa kwanza, akazungushwa uwanja, akapiga kelele kwa sauti yake. Akashuka akiwa Neema. Nilimkagua vizuri. Jina langu likaitwa, safari hii na mtu ninayemwona, na mikono minene ikanikamata kwapani.

"Usijikaze hivyo mwanangu. Umekuwa kama mbao."

Niliinuliwa. Nilifumba macho nikisubiri kitu kinishukie kichwani. Badala yake miguu yangu ilipanuka, nikakaa, na nilipofumbua macho niliona singa nyeupe chini yangu, masikio mawili, na vichwa vya wenzangu vyote chini. Kumbe mie ndiye niliyekuwa juu.

Kisha chini ya goti langu ngozi ilitetemeka. Farasi alipuliza midomo, brrr. Mguu wa kulia ukaparapara. Shingo ikanyooka.

Alikuwa amerudi. Tulikuwa wawili juu ya kiti kimoja, mie na Mgeni, na mmoja wetu alikuwa anasubiri mwingine aseme.

Nilijua jambo moja kuhusu wageni wa namna ile: hawafukuzwi, huombwa. Na nilijua jambo moja kuhusu viti, kwa sababu baba alilisema kwa kila mteja aliyesimama mbele ya karakana. Niliinama mpaka pua yangu ikagusa shingo ile yenye harufu, nikasema taratibu:

"Shikamoo, mgeni. Kaa hapa hapa. Bibi ana miguu miwili na mmoja unauma. Mie yangu bado midogo. Hiki kina miguu minne, na baba anasema kiti cha miguu minne ikilingana, hata akae tembo, hakiyumbi. Kaa hapa, tafadhali. Nitakuletea marashi."

Masikio yalirudi nyuma, kwangu. Farasi akavuta pumzi ndefu, nikahisi mapaja yangu yakisukumwa nje na mbavu zake, akaitoa polepole, na akaanza kutembea bila kuambiwa.

"Unamwambia nini?" Mwalimu Benadeta aliuliza, akifuata na kamba.

"Namwomba."

"Vizuri sana. Huyu anapenda kuombwa."

Jumamosi baba alinifuata. Tulipoingia Keko nilikimbia kupita makabati, kupita mafundi, mpaka uani. Bibi alikuwa amekaa nje, juu ya mkeka, mgongo umenyooka, bakuli tupu la uji mbele yake. Mama Mkubwa alikuwa anamsuka. Bibi alinyanyua uso akaniona.

"Karibu, mgeni," alisema.

Watu husema hivyo kwa kila anayerudi kutoka safari. Nililijua hilo hata wakati ule. Nikapiga goti. "Shikamoo, Bibi."

Bibi hakuwahi kuacha kujibu marahaba. Aliijibu akiwa na homa, aliijibu katikati ya tasbihi. Siku hiyo hakuijibu. Alininusa begani, pale kwenye gauni palipokuwa na harufu ya farasi. Kisha akajisogeza pembeni, na goti lake baya, akaniachia katikati ya mkeka.

"Mleteeni maji," akamwambia mama.

Mama alileta. Nilikuwa na kiu ya safari, nikanywa glasi nzima. Yalinukia waridi. Lakini glasi zote za chumba cha Bibi zilinukia waridi, hata zikioshwa kwa majivu.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alinenepa, alinikemea, alicheza harusini kwa wajukuu zake, na hakupandisha tena hata siku moja. Nimemuuliza mama ni siku gani hasa Bibi alianza kula. Mara anasema Alhamisi, mara anasema Ijumaa, halafu ananiambia niache kumhoji kama askari. Kuhusu sauti ya mchana ule nimejipa jibu: mtu bandani alimwambia mwenzake "hawa wamekunywa?" au "hawa watolewe," na mtoto mwenye hofu akasikia jina lake. Ni jibu zuri. Linaniridhisha siku nyingi.

Basi Jumapili ile nilimpa mwenye farasi wa ufukweni hela yake, akamwinua binti yangu, akamkalisha. Nilisimama karibu na shingo ya kahawia. Farasi alitetemesha bega, akapuliza, akapiga mchanga kwa mguu. Binti yangu aliinama akamnong'oneza kitu nisichokisikia, na yale masikio yakageuka. Hayakumgeukia yeye. Yalinigeukia mimi.

"Na wewe, mama?" yule kaka aliniuliza, akinyoosha riboni. "Nikupandishe? Ana nguvu huyu, atakubeba."

"Hapana, ahsante. Mie nilishapandishwa zamani."

Alicheka, akidhani tunazungumzia jambo moja. Jua lilikuwa la utosi. Niliushika mkono wa mwanangu nikasubiri, na nilipomsikia akiita "Mama" kutoka juu, nilimtazama kwanza mdomo, nikahakikisha ni wake, ndipo nikaitika.